Nobu za Pikapu Yako: Kuziondolea Uduni Bila Kuziharibia Kazi

Pikapu hutengenezwa kwa ajili ya kazi, na kiwanda kinapobana gharama huanzia pale ambapo mnunuzi wa kwanza, ambaye mara nyingi ni kampuni au mradi, hatalalamika: ndani ya kabini. Fremu inabaki imara na injini inabaki ya kuaminika, lakini nobu za kuzungusha feni, joto, mwelekeo wa hewa na sauti ya redio zinakuwa za plastiki nyepesi, tupu ndani, zenye mng'ao wa beseni jipya. Gari likifika mkononi mwako baada ya miaka kumi ya kazi, nobu hizo zimelegea, alama nyeupe zimefutika, na pengine moja ilishapotea, hivyo ukitaka kuongeza feni unakamata shafti kwa plaizi.

Ukitoa usukani na gia, ni sehemu chache za gari ambazo mkono wako unazigusa mara nyingi kuliko hizo. Zinastahili kutengenezwa vizuri, na gharama yake ni ndogo kuliko ya karibu kila kitu kingine utakachofanyia gari. Kinachohitajika ni mpangilio, kwa sababu wengi huanza na mwisho: hununua nobu za kung'aa na kuzivalisha juu ya shafti inayocheza, na baada ya miezi miwili kabini ni duni kuliko ilivyokuwa.

Mfano mkuu hapa utakuwa Toyota Hilux ya kizazi cha saba, ile iliyozinduliwa Thailand mwaka 2004 na kuendelea hadi 2015, ambayo huku kwetu wengi wanaiita Vigo. Ni gari lililojaa barabarani, na paneli yake ya kiyoyozi cha kawaida ina nobu tatu za mviringo. Kama lako ni Isuzu D-Max, Ford Ranger au Mitsubishi L200, vipimo vitatofautiana lakini njia ni ileile.

Kaa kwenye kiti kwanza

Usinunue kitu bado. Washa swichi bila kupiga starta, kaa unavyokaa ukiendesha, kisha shika kila nobu kwa vidole viwili uitikise kushoto na kulia bila kuizungusha. Baada ya hapo izungushe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Rudia usiku, taa ndogo zikiwa zimewaka.

Nobu ikicheza huku shafti imetulia, tundu lake la ndani limepasuka au limelika. Hilo linarekebishika, na nobu mpya itakaa vizuri. Nobu na shafti zikicheza pamoja, kilicholegea ni swichi yenyewe nyuma ya paneli. Hapo nobu mpya, hata iwe ya dhahabu, haitasaidia mpaka skrubu za nyuma zikazwe au swichi ibadilishwe. Nobu ikizunguka kwa uzito, hasa ya joto au ya mwelekeo wa hewa, tatizo liko kwenye kebo inayokwenda kwenye sanduku la hewa chini ya dashibodi. Feni ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, nobu haina kosa lolote: resista ya feni imeungua, na hiyo inakaa karibu na mota ya feni, kwa kawaida upande wa abiria.

Kinachofanya kabini ionekane duni si plastiki yenyewe. Hata magari ya bei kubwa yana nobu za plastiki. Uduni unatokana na kucheza, kutolingana, na alama zisizosomeka: nobu inayoyumba kidoleni, tatu za aina tatu kwenye paneli moja, mshale usioonyesha uko namba ngapi. Ukiondoa hayo matatu, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi hata kabla hujatumia shilingi kwenye urembo. Kwa hiyo andika kwenye karatasi ugonjwa wa kila nobu, kwa sababu dawa zake si moja.

Kuzitoa bila kuacha kovu

Nobu nyingi za paneli ya hewa na za redio zimevalishwa tu kwenye shafti, na hutoka kwa kuvutwa moja kwa moja kuelekea kwako. Adui mkubwa hapa ni bisibisi. Ukiichomeka nyuma ya nobu na kuibinya dhidi ya paneli, utaacha kovu ambalo litaonekana kila siku, na shafti ya plastiki inaweza kukatika ndani. Chukua kamba ya kiatu au ukanda wa kitambaa cha pamba, uzungushe nyuma ya nobu kwenye ule upenyo kati yake na paneli, shika ncha mbili kwa mkono mmoja, kisha vuta sawasawa huku ukiitikisa nobu kidogo. Ikigoma, washa gari na kiyoyozi upande wa joto kwa dakika kadhaa, au lipaki juani kidogo. Plastiki ikipata joto hulegea.

Kabla ya kuvuta, elekeza kila nobu kwenye sifuri au mwanzo wake na upige picha kwa simu. Ikishatoka, angalia ndani ya tundu. Baadhi zina klipu ndogo ya chuma inayobana shafti, ambayo huchomoka na kuanguka chini ya kiti bila wewe kujua, kisha nobu inalegea na lawama zinaangukia kiwanda.

Kutoa nobu hakuhitaji kukata umeme. Lakini ukilazimika kufungua paneli za dashibodi ili kufikia skrubu za nyuma, na gari lina mifuko ya hewa ya usalama, zima swichi, toa tamino ya hasi ya betri, na usubiri. Maelekezo ya Toyota ni angalau sekunde 90. Waya na soketi za rangi ya manjano ni za mifuko hiyo, usizipime kwa testa wala kuzichezea. Kama redio yako ina namba ya siri, hakikisha unayo kabla ya kutoa tamino.

Sabuni kabla ya duka

Nobu zikiwa mezani, zioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki uliochakaa. Mara nyingi utashangaa. Jasho, mafuta ya mikono, krimu na vumbi jekundu hutengeneza utando unaofanya plastiki nzuri ya kijivu ionekane kama imeungua.

Kuna ugonjwa mmoja ambao watu wa pwani wanaujua vizuri zaidi: nobu inayonata. Plastiki ya namna hiyo ilipakwa kiwandani utando laini wa mpira ili iwe na mguso wa kifahari, na joto likichanganyika na unyevu wa miaka mingi, utando huo huoza na kugeuka ulimbo. Hauoshwi ukapona. Unaondolewa wote. Lowesha kitambaa kwa alkoholi ya isopropili, au spiriti ya dukani kama hiyo haipo, usugue kwa subira mpaka plastiki ngumu ya chini itokee. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, na kuwa mwangalifu karibu na alama zilizochapwa, maana nazo huweza kuondoka. Petroli na thina ziache kabisa, kwani zinayeyusha uso wa plastiki na kuuacha na mabaka meupe.

Alama zikiwa zimechongwa kama mfereji kwenye nobu, na si kuchapwa juu tu, unaweza kuzirudisha. Jaza mfereji kwa rangi nyeupe ya mafuta kwa ncha ya kijiti, subiri dakika chache, kisha pitisha kipande cha kadi ngumu juu yake kuondoa ziada. Kazi hii ndogo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaigusa shida ambayo dereva anaipata usiku, barabara ikiwa na malori, anapotaka kujua kama nobu iko kwenye kioo ili ukungu uondoke, bila kuinama kutazama.

Na zile dawa za kupuliza zinazofanya dashibodi ing'ae kama imemwagiwa mafuta, waachie wauza magari. Zinavuta vumbi, zinateleza kidoleni, na zinafanya plastiki ya bei rahisi ionekane ya bei rahisi zaidi.

Kulegea, na sababu yake

Tundu la nobu likiwa limepasuka, usilijaze gundi ukalibandika kwenye shafti. Siku swichi ikihitaji kubadilishwa utavunja vyote viwili, na mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayozunguka. Fanya hivi: safisha tundu, lizungushie waya mwembamba wa shaba kwa nje, mizunguko mitatu au minne iliyobana, kisha ufunike waya huo kwa gundi ya aina mbili za kuchanganya, kama Araldite. Acha ikauke usiku kucha. Nobu itabana shafti kuliko ilivyokuwa mpya. Kama tundu halikupasuka bali limelika tu, kipande kidogo cha karatasi ya alumini au mpira mwembamba ndani yake kinatosha.

Lakini jiulize kwa nini lilipasuka. Katika pikapu nyingi zenye kiyoyozi cha kawaida, nobu ya joto inavuta kebo, na kebo inasukuma mlango mdogo ndani ya sanduku la hewa. Miaka ya vumbi hufanya mlango huo ukwame. Dereva anaongeza nguvu, na kitu dhaifu kuliko vyote kwenye mnyororo huo, ambacho ni tundu la nobu, kinapasuka. Ukiweka nobu mpya bila kugusa kebo, unaandaa mpasuko mwingine. Ukiweka nobu ya chuma ndiyo mbaya zaidi, maana sasa kitakachovunjika ni shafti au mkono wa kebo nyuma ya paneli, na hapo dashibodi lazima ifunguliwe.

Kwa hiyo ingia chini ya dashibodi na tochi, tafuta pale kebo inaposhikwa na klipu kwenye sanduku la hewa, ichomoe, usogeze mkono wa mlango kwa kidole. Ukiwa mgumu, safisha ekseli yake na uweke grisi kidogo ya silikoni, ambayo haidhuru plastiki. Ukiwa laini, mgumu ni waya ndani ya ala yake. Hapo dondoshea mafuta ya silikoni, au badilisha kebo. Unaporudisha klipu, hakikisha mlango na nobu vyote viko mwisho wa upande mmoja, la sivyo hewa itabaki vuguvugu hata nobu ikisoma baridi kabisa.

Nobu ya redio inayokwaruza sauti inapozungushwa ina shida ya ndani pia. Kwenye redio za zamani, dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti huisaidia mara nyingi.

Nobu ya kiwandani ya daraja la juu

Kama nobu zako hazina matibabu, au unataka hadhi zaidi, anza na chaguo ambalo wengi hulipita: nobu halisi za gari lilelile la daraja la juu. Kiwanda huuza modeli moja kwa madaraja kadhaa. Ile ya kazi inapewa nobu nyeusi tupu, ile ya mkurugenzi inapewa zenye pete ya fedha au uso laini zaidi, na mara nyingi shafti nyuma yake ni ileile. Fortuner ya kizazi cha kwanza ilijengwa kwenye msingi mmoja na Vigo na dashibodi zake zinafanana sana, kwa hiyo Fortuner iliyogongwa nyuma ni mahali pazuri pa kutafuta.

Hapa kuna jambo la kujua sokoni. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikurudi huko mpaka 2017. Maana yake Vigo haikuuzwa Japani. Zilizokuja kwetu zimetoka hasa Thailand na Afrika Kusini, kwenye kiwanda cha Durban. Muuzaji akikuambia nobu za Vigo alizonazo zimetoka kwenye gari lililokatwa Japani, bei yake ipokee kwa tahadhari. Ni maelezo ya kupandishia thamani.

Ukienda Gerezani na Kariakoo Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, nenda na vitu viwili: nobu ya zamani mfukoni na namba ya chasisi kwenye simu. Kwenye duka linalotumia katalogi, tarakimu tano za mwanzo za namba ya spea ya Toyota hueleza ni kitu gani. Nobu za paneli ya hewa kwa kawaida huanza na 55905, na nobu za gia na 33504. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha modeli na rangi. Nunua zote tatu kwa pamoja, hata kama iliyoharibika ni moja. Plastiki mpya kando ya plastiki iliyopauka kwa jua hutangaza ukarabati kutoka mlangoni.

Alumini na masharti yake

Nobu za alumini ndizo zinazovutia macho, na zile nzuri, zilizochongwa kutoka kwenye kipande kimoja na kupewa mikwaruzo ya almasi pembeni ili zisiteleze, zina raha ya kweli kidoleni. Zipo aina mbili. Moja ni pete au kofia inayovalishwa juu ya nobu ya zamani kwa gundi ya utepe. Nyingine inachukua nafasi ya nobu yenyewe na kukazwa na skrubu ndogo ya pembeni, inayofunguliwa kwa ufunguo wa aleni, mara nyingi wa milimita 1.5 au 2.

Kabla ya kununua aina hii ya pili, pima shafti kwa venia. Shafti nyingi za redio na vifaa vya umeme zina kipenyo cha milimita 6, lakini umbo ndilo linaloleta mtego. Nyingine zimekatwa upande mmoja zikawa kama herufi D, nyingine zina meno madogo kuzunguka, nyingine ni za plastiki zenye umbo la kiwanda husika tu. Nobu yenye tundu la D lazima ukato wake uelekee sawa na mshale wa juu. Mshale ukiwa umechongwa upande mwingine, feni ikizimwa itaonyesha namba mbili. Nobu yenye tundu la mviringo na skrubu ya pembeni huondoa shida hiyo, kwa kuwa unaiweka pembe unayotaka kabla ya kukaza. Pima pia kina cha tundu na nafasi iliyopo hadi kwenye paneli. Nobu ikigusa paneli itasaga, na ikikaa mbali sana itaonekana kama imebandikwa.

Shafti ikiwa ya plastiki, skrubu ya chuma itaitoboa polepole. Weka kipande chembamba cha shaba kati yake na shafti, kaza kwa ncha za vidole tu, kisha dondoshea tone la rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu ili mtikisiko usiifungue. Gundi za kuzuia nati zisilegee, zile za mafundi wa injini, ziweke mbali na paneli, kwa sababu baadhi hupasua plastiki.

Kuna mambo matatu ambayo picha za dukani hazionyeshi. La kwanza ni joto. Gari lililoegeshwa juani Dodoma au Garissa linafanya chuma kilichoelekea kioo cha mbele kiwe kikali kwenye ngozi, na nobu ya kwanza utakayoigusa ni ya feni. La pili ni mng'ao: kromu inayopigwa na jua la saa tisa humrudia dereva machoni. Chagua alumini iliyofifizwa, nyeusi au ya kijivu cha risasi, siyo kromu. La tatu, na kwangu ndilo la uamuzi, ni mwanga. Nobu nyingi za kiwandani zina mshale wa plastiki angavu unaopitisha mwanga wa taa iliyo nyuma ya paneli. Chuma hakipitishi. Ukizibadilisha, usiku utabaki na duara tatu nyeusi. Kama unasafiri usiku, baki na za kiwandani na uzivalishe pete nyembamba ya alumini pembeni, ambayo inaacha uso wazi.

Swichi ya kuzungusha ya four-wheel usiivalishe chochote. Kwenye Hilux iliyoanza 2015, kuingia L4 kunahitaji kuibonyeza huku ukiizungusha, na pete inayopunguza mwendo wa kubonyeza hata kwa milimita moja itakuacha kwenye matope ukibishana na taa ya dashibodi.

Nobu ya gia: hapa mpe kazi mkereza

Kama una fedha ya kitu kimoja tu cha kifahari, iweke kwenye nobu ya gia. Ni kubwa, inajaza kiganja, haina taa ndani, na kwenye pikapu ya gia za mkono inafunguliwa kwa kuzungushwa tu kinyume cha saa. Ya gia otomatiki yenye kitufe iache ilivyo.

Kwanza tikisa mti wa gia. Ukicheza kama mwiko kwenye sufuria tupu, bushi ya plastiki chini yake imekwisha. Ni ugonjwa unaojulikana sana wa Hilux, bushi ni ya bei ndogo, na kuibadilisha kunabadilisha gari zaidi ya nobu yoyote.

Kisha thredi. Toyota nyingi za gia za mkono hutumia M12 × 1.25. Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi ni M10 × 1.25. Angalia mtego huu: nati ya gurudumu ya Hilux ni M12 × 1.5. Inaanza kuingia kwenye mti wa gia, mzunguko mmoja, kisha inakwama, na anayelazimisha anaharibu meno. Usimpelekee fundi nati ya gurudumu kama kipimo. Mpelekee nobu ya zamani.

Fundi ninayemsema ni mkereza mbao. Mwambao wetu una ustadi mkongwe wa kukereza: miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, viti vya Lamu na Unguja. Mtu anayeweza kukereza mguu wa kitanda anaweza kukereza nobu ya gia, na mti unaoifaa upo kusini mwa Tanzania: mpingo. Ni ule unaotengenezewa klarineti duniani na vinyago vya Wamakonde. Una uzito unaouzamisha majini, chembe zake ni laini kiasi kwamba ukisuguliwa unang'aa wenyewe bila vanishi, na jasho la mkono haliuharibu haraka. Mabaki ya wachonga vinyago, kama pale Mwenge jijini Dar es Salaam, huwa na vipande vinavyotosha nobu nzima.

Masharti yake ni haya. Kipande kiwe kikavu kabisa, kilichokaa muda mrefu kivulini. Mpingo mbichi ukipelekwa ndani ya kabini yenye joto utapasuka. Ncha za kipande kinachosubiri kukaushwa zipakwe nta ili unyevu utoke taratibu. Vumbi lake huwasha ngozi na mapafu ya baadhi ya watu, kwa hiyo mkereza avae barakoa. Thredi zisikatwe kwenye mbao. Mwambie fundi wa vyuma akereze kijiti cha shaba ya njano, akitoboe na kukikata M12 × 1.25 ndani, kiwe na mikwaruzo nje, kisha kizamishwe kwenye tundu la mbao kwa gundi ya aina mbili. Umbo liwe la yai lililoinama kidogo badala ya mpira kamili, kwani kiganja hujua kilipo bila macho. Malizia kwa mafuta ya kitani na nta. Vanishi nene itabanduka.

Juu yake chora ramani ya gia, ukiinakili kutoka kwenye nobu ya zamani. Mahali pa gia ya kurudi nyuma hutofautiana kati ya magari, na siku utakapomwazima mtu pikapu, ramani hiyo ndiyo itakayomzuia kurudi nyuma alipotaka kwenda mbele. Vigo ya four-wheel yenye mti wa pili mfupi inapendeza miti yote miwili ikipata mbao moja, lakini alama za H2, H4 na L4 ziwepo. Mninga nao unafaa, hautanuki wala kunywea sana, ila ni mwepesi na rangi yake ya asali inapauka juani.

Rangi na uchapishaji

Kupaka rangi nobu kunawezekana, na kunaharibika upesi usipoandaa uso. Osha, piga msasa wa maji namba 400 kisha 600, pulizia praima ya plastiki, halafu rangi tabaka nyembamba nyembamba, halafu klia isiyong'aa. Acha siku kadhaa kabla ya kuzigusa. Rangi ya kupuliza ya ukutani itabanduka pale vidole vinaposhika.

Siku hizi katika miji mikubwa unaweza kuchapishiwa nobu kwa printa ya 3D. Uliza plastiki gani. Ile ya kawaida, PLA, huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na dashibodi iliyo juani inaweza kuvuka hapo. Omba ABS au ASA. Mistari ya uchapishaji ipigwe msasa, la sivyo utakuwa umebadilisha uduni mmoja kwa mwingine.

Mikono ya vioo kwenye pikapu za kabini moja isisahaulike, maana kile kinobu chake cha kuzunguka ndicho hupotea kwanza. Mkono wenyewe unashikwa nyuma na klipu ya umbo la C. Pitisha kitambaa kati ya mkono na mlango, ukivute huku na huku mpaka kinase ncha za klipu, nayo itaruka. Weka mkono mwingine mbele yake uidake.

Kuzirudisha

Nobu zikiwa bado nje, washa taa ndogo uone balbu za nyuma ya paneli. Iliyokufa ibadilishe sasa. Ukiweka za LED, ambayo haiwaki inawezekana imewekwa kinyume tu, hivyo igeuze. Chagua mwanga hafifu unaolingana na rangi ya saa za dashibodi.

Rudisha kila nobu ikielekea pale ilipokuwa kwenye picha, uisukume kwa kiganja, siyo kwa nyundo. Ikigoma, paneli ishikiliwe kwa nyuma ili swichi isizame. Zungusha zote mwanzo hadi mwisho, jaribu hewa ya miguuni, ya usoni na ya kioo, kila namba ya feni, kisha keti usiku na uzisome bila kuinama.

Endesha wiki moja kwenye barabara mbovu, halafu kaza tena skrubu za pembeni na nobu ya gia. Zile za zamani zifunge kwenye mfuko pamoja na klipu zake, uandike modeli ya gari juu, uziweke kwenye kisanduku cha dashibodi. Fundi wa kesho atazihitaji kama kipimo.